Wifi Yangu na Mashine ya Kukunja

Wifi yangu hatulii. Ukimpa kiti anakikalia ukingoni, na kabla hujamaliza kumuuliza habari ameshasimama kuangalia nani anapita barabarani. Chai huinywa akitembea. Simu huipokea akifagia. Kaka yangu, ambaye ndiye mumewe, husema alioa upepo, halafu hucheka peke yake, maana sisi wengine utani huo umetuchosha. Kazini walimpa jina la Kiguunjia tangu siku za mwanzo, likamganda, hata wanaomheshimu wakawa wanamwita hivyo hivyo, Dada Kiguunjia, naye anaitika.

Tulikuwa tukifanya kazi pamoja katika chumba cha kufulia cha hospitali. Mimi ni mshonaji. Nakaa na cherehani yangu kwenye meza ya pembeni, chini ya dirisha, nashona mashuka yaliyochanika na kutia vifungo kwenye makoti ya madaktari. Wanaokunja wanasimama, wanaopiga pasi wanainama, wanaosukuma matoroli wanapita tu. Mimi nimekaa, kwa hiyo naona. Wako wanaosema nachungulia. Waache waseme.

Mwenzake wifi yangu katika kukunja mashuka alikuwa mwanamke tuliyemwita Sanduku, kwa sababu ukimwambia neno limeingia, limefungwa, na ufunguo umemezwa. Mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa taratibu. Aliyeamua kuwapanga pamoja na wifi yangu nadhani alitaka kucheka, lakini wakashikamana kama chanda na pete. Na shuka la hospitali, kama hujawahi kulikunja, si la mtu mmoja. Mnasimama mbalimbali, kila mmoja ameshika pembe mbili. Mnalikunja kwa urefu, mnalikung'uta, mnasogeleana mpaka vidole vinagusana, mmoja anampa mwenzake pembe zake, kisha anainama kuushika mkunjo wa chini.

Hapo kwenye kupeana ndipo penye kazi yenyewe. Ukiachia mapema shuka linaanguka, na kwetu shuka lililogusa sakafu linarudi kufuliwa, hata kama sakafu inang'aa kiasi cha kujitazamia. Kwa hiyo wakunjaji wote walikuwa na neno lao. Anayepokea, akishazikamata pembe sawasawa, husema, "Achia." Asiposema, huachii. Kutwa ungelisikia chumba kizima, achia, achia, katikati ya habari za watoto na waume na bei za viatu, na wao wenyewe hawakujua tena kwamba wanalisema.

Kila walipokutana vidole kwa vidole Kiguunjia alimwaga habari. Wakiachana, Sanduku alizitafakari. Wakikutana tena, Sanduku alijibu, maneno mawili matatu, na wifi yangu akayapokea kama amepewa zawadi. Hivyo ndivyo walivyoongea miaka yote. Siku moja aliniambia kwamba Sanduku ndiye mtu pekee anayemfanya asubiri jibu. Nikaudhika kidogo. Mimi pia huwa namjibu.

Mashine ililetwa na lori, ikabidi mlango ung'olewe ndipo ipite. Ilikuwa ndefu, nyeupe, ina mkanda mpana, marola ya moto ndani, na mbele yake vibanio viwili vilivyotokeza, vikisubiri. Msimamizi wetu, mwanamke mwenye sauti ya chini na viatu visivyolia, akatukusanya.

"Hii inapiga pasi na inakunja yenyewe," alisema. "Mtu mmoja anasimama hapa mbele, anaipa pembe mbili, basi. Msiwe na wasiwasi, hakuna atakayefukuzwa. Na wa kuwafundisha hatutamtoa mbali. Mwenzenu ameshapata mafunzo."

Akamwonyesha Sanduku.

Nilimtazama wifi yangu. Kwanza alitabasamu, maana alidhani ni utani. Kisha akamgeukia mwenzake na kumuuliza, mbele ya watu wote, "Mafunzo ya lini?"

Sanduku aliangalia chini. Wala hapakuhitajika jibu, kila mtu alikumbuka. Ni zile siku alizoaga kwamba anampeleka mama mkwe wake kliniki, miguu inamsumbua. Tulimpa pole. Kiguunjia alimpa pole na mfuko wa machungwa juu yake, aliyoyachagua mwenyewe sokoni, moja moja.

"Machungwa yangu," alisema tulipofika nyumbani, akizunguka ua bila kuvua hata viatu. "Wifi, machungwa yangu yameliwa na nani?"

"Sijui. Kaa chini."

"Nimekunja naye mashuka wiki nzima baada ya hapo. Uso kwa uso! Namuuliza mama anaendeleaje, ananiambia anaendelea vizuri. Hata kope haikumchezea!"

"Labda alikatazwa kusema."

"Hata kama alikatazwa! Mimi nimekuwa mtu baki kwake?"

Nikaenda kuanua nguo. Yeye akafagia ua ambao nilikuwa nimeshaufagia.

Nataka niseme jambo ambalo wakubwa wetu hawakuliona, ingawa lilikuwa wazi. Katika chumba kile hakuna aliyeuliza mashine inafanya nini. Tuliuliza iko upande wa nani. Waliokuwa karibu na Sanduku waliisifu kabla haijawashwa, na mmoja akaifuta vumbi kwa kanga yake. Waliokuwa karibu na Kiguunjia wakasema inanuka mpira, inatia joto, inaumiza macho. Kuna mama mmoja wa pasi aliyekuwa amegombana na Sanduku tangu zamani kwa ajili ya ndoo. Yeye aliapa kwamba mashine ile itatuua, na alikuwa anaapa huku ameipa mgongo. Nilicheka, lakini na mimi nilikuwa nimenuna. Mimi na mashine tulikuwa na ugomvi gani? Hatukuwa nao. Nilinuna kwa sababu ya wifi yangu.

Kisha mafunzo yakaanza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sanduku alifundisha kama alivyofundishwa, kwa sauti ya darasani isiyokuwa yake. "Weka pembe kwenye vibanio. Subiri taa ya kijani. Mashine itachukua." Wengine waliweka, taa ikawaka, shuka likavutwa, likapanuka juu ya mkanda na kuingia ndani, na kule mwisho likatoka limekunjwa. Wasichana wawili wageni wa kazi walijua asubuhi hiyo hiyo. Ikaja zamu ya wifi yangu. Aliweka pembe. Taa ikawaka. Vibanio vikauma, vikavuta. Yeye hakuachia.

Shuka likachanika, kraa, mashine ikapiga kelele na taa nyekundu ikawaka. Watu wakashtuka. Sanduku akabonyeza kitufe na kurudia maneno yake, weka, subiri, itachukua, bila kumtazama machoni. Wifi yangu akaweka lingine. Likachanika. Siku ya pili vivyo hivyo, na siku ya tatu akavutwa mpaka kifua chake kikagonga ukingo wa mashine, msimamizi akaja mbio na viatu vyake visivyolia.

Mashuka yote yaliletwa mezani kwangu. Nilishona mpaka kidole kikatoka lengelenge, na huku nyuma nikisikia minong'ono. Anafanya makusudi. Ana kijicho, hakuchaguliwa yeye. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuamini.

Msimamizi alimwita pembeni. Hakumfokea, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimwambia kwamba mashuka ya wagonjwa hayawezi kuendelea kuchanika, kwamba wakunjaji wa mkono hawatahitajika tena, na kwamba mwisho wa wiki kama hajaiweza mashine itabidi ahamie chumba cha kupokea. Chumba cha kupokea ni nyuma ya ukuta, kwenye nguo zinazotoka wodini kabla ya kufuliwa. Buti, glavu ndefu, barakoa mbili. Anayekaa kule yuko peke yake na marobota, na dirisha la kupitishia nguo hufunguliwa kidogo tu, tena huruhusiwi kuongea kupitia hapo.

Jioni hiyo nilimbana. Alikuwa anaosha sufuria safi.

"Niambie ukweli. Unayachana makusudi?"

Aligeuka, povu mikononi. "Mimi? Nichane mashuka ya wagonjwa?"

"Sasa shida nini? Wale wasichana wa juzi wameweza."

"Mikono haisikii, wifi. Taa naiona. Najiambia sasa, acha. Mikono inakataa." Akaitazama mikono yenyewe kana kwamba ni ya jirani. "Sijawahi kuangusha shuka. Hata moja. Sijui nimepatwa na nini."

"Unaiogopa."

"Siiogopi! Mashine ni chuma tu. Ninachoogopa ni kule nyuma ya ukuta. Kutwa nzima sina wa kumwambia hata kwamba mvua inanyesha. Nitakufa kule, nakwambia. Nitaongea na marobota." Akakaa. Alikaa kweli, juu ya ndoo, akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya mama yake, na sikujua niweke wapi mikono yangu.

Usiku huo sikutafuta hekima yoyote, nilikuwa na hasira tu. Kesho yake wakati wa chai nilichukua shuka moja kutoka kwenye rundo langu nikatoka nje, nyuma ya jengo, ambako Sanduku alikuwa akinywa chai yake peke yake karibu na mabomba ya mvuke. Nikamtupia shuka mapajani.

"Tazama kazi yako."

"Kazi yangu kivipi?"

"Umemfundisha wewe. Limechanika hapa na hapa. Pembe zote mbili. Yote yako hivyo, hakuna lililochanika katikati. Hii ni makusudi?"

Alilishika shuka. Alizipima pembe kwa vidole, akalivuta upande mmoja, akalivuta mwingine, taratibu, kama kawaida yake. Chai ikapoa. Nikataka kumtikisa.

"Alikuwa ameshika," alisema mwishowe. "Mashine inavuta na yeye ameshika."

"Hilo hata mbuzi analiona. Kwa nini?"

"Kwa sababu sijamwambia." Akanitazama, na macho yalikuwa yamejaa maji. "Hajaambiwa aachie. Miaka yote hii huwa namwambia mimi."

Basi nikakaa kwenye ukuta kando yake. Wageni wa kazi waliweza haraka kwa sababu mikono yao haikuwa imemzoea mtu. Huyu wa kwetu alikuwa anangoja sauti, na mwenye sauti ameibana.

"Na kwa nini ulimficha?" nilimuuliza. Ilibidi niulize.

"Niliapishwa. Msimamizi alisema watu watapata hofu bure. Nikaona nikimwambia Kiguunjia nimeuambia mji mzima."

"Hapo umesema kweli. Na machungwa?"

"Mama mkwe aliyala. Yupo kweli, yule mama." Akasita. "Ila miguu haimsumbui."

Nilicheka nikiwa sitaki kucheka.

Siku ya mwisho ya wiki ilipofika, Kiguunjia alikuja kazini amebeba buti kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa ameshakata tamaa. Msimamizi alisimama kando ameshika tableti yake, akamwambia ajaribu mara moja tu. Chumba kizima kilisimama kutazama, hata wenye matoroli. Wifi yangu akachukua shuka, akaweka pembe. Sanduku hakusimama mahali pa mwalimu. Alizunguka akaja kusimama ng'ambo ya vibanio, uso kwa uso naye, pale alipokuwa akisimama siku zote. Taa ikawaka. Vibanio vikauma.

"Achia," alisema.

Mikono ikafunguka. Shuka likaenda, likapanuka jeupe juu ya mkanda, likaingia ndani bila hata mkunjo.

Hakuna aliyepiga makofi. Wifi yangu alisimama akiitazama mikono yake, kisha akachukua shuka lingine. "Achia." Likaenda. Lingine. Yalikwenda mengi namna hiyo, na kati yao hakuna neno zaidi ya hilo, mpaka nikaanza kuumwa kichwa. Halafu nikamsikia Kiguunjia, bila kuinua macho.

"Mama mkwe hajambo?"

"Hajambo. Achia. Anasema machungwa yalikuwa matamu."

"Mwizi mkubwa wewe."

"Achia."

Wote wawili wakaanza kucheka, wakacheka mpaka wakaegemea mashine, na msimamizi akaondoka zake akijifanya anasoma tableti.

Baada ya hapo ndipo tulipoikubali mashine, na hakuna aliyetushawishi. Yule mama wa ndoo alikuja mwenyewe akasema afundishwe, lakini afundishwe na Kiguunjia, si na yule mwingine. Malalamiko ya harufu ya mpira yakaisha. Wakunjaji walipokuwa wakijifunza walisimamiana ng'ambo kwa ng'ambo na kuambiana achia, ingawa taa ilikuwa inatosha, na fundi aliyekuja kuikagua aliwashangaa akauliza kama ni sehemu ya masharti ya usalama. Msimamizi akamwambia ndiyo.

Wifi yangu akawa mwepesi kuliko wote. Kazi iliyokuwa ikimaliza siku ilikuwa inakwisha kabla ya saa ya kutoka. Yeye na Sanduku walisimama pale kutwa, mmoja anaweka, mwingine hana la kufanya, wanaongea. Wiki hizo aliimba akiosha vyombo. Nilifurahi kumwona hivyo, lakini moyo haukutulia, kwa sababu nilikuwa nawatazama kutoka mezani kwangu na nilikuwa naliona jambo ambalo yeye hakutaka kuliona. Mashine ilihitaji mtu mmoja. Hata msimamizi alikuwa analiona. Alipita mara kwa mara, akasimama, akatazama mikono isiyokuwa na kazi, akaandika.

Hatimaye akamwita Kiguunjia ofisini. Alipotoka alikuwa anatembea kwa haraka hata kuliko siku zote, akapita mbele yangu bila kuniona, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mashine.

"Nimeambiwa nisiseme mpaka itangazwe," alimwambia Sanduku, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Mimi nasema. Mimi siwezi kukutazama usoni nikakuficha. Kuanzia Jumatatu mashine itafanya kazi zamu mbili. Mtu mmoja asubuhi, mtu mmoja mchana. Mimi asubuhi, wewe mchana, wengine wanapelekwa kwenye matoroli. Wanatutenganisha, mwenzangu."

Sanduku alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Niliambiwa wiki iliyopita. Zamu ya mchana nimeiomba mimi. Wewe huwezi kukaa nyumbani asubuhi nzima unasubiri saa ifike, utabomoa kuta."

Nilisimamisha cherehani. Wifi yangu alipauka kwa hasira.

"Tena?" alisema. "Umenificha tena? Wiki nzima naimba hapa, nacheka kama mwehu, nakuhadithia mambo yangu, na wewe unajua? Safari hii uliapishwa na nani?"

"Hakuna aliyeniapisha."

"Sasa kwa nini?"

Sanduku alikunjua mikono kifuani, taratibu kama kawaida yake.

"Ningekuambia ungeacha kuimba," alisema. "Ulikuwa umefurahi. Nikasema niipate wiki hii nzima, hivyo hivyo, na wewe umefurahi. Basi."

Kiguunjia alifungua mdomo, akaufunga. Akavuta shuka kutoka kwenye toroli, akaliweka kwenye vibanio, na nikaona machozi yanadondoka juu ya kitambaa safi, kitu ambacho kwa masharti yetu kingetosha kulirudisha shuka lile kufuliwa. Sikusema. Sanduku naye hakusema. Lilikwenda.

Jumatatu zamu ya asubuhi ilipoisha, nami nikiwa nimepangiwa hiyo hiyo, nilimsubiri wifi yangu getini, kama kawaida, twende nyumbani pamoja. Watu wakatoka, geti likabaki tupu. Nikarudi kumtafuta. Niliwakuta mlangoni, ule uliong'olewa na kurudishwa, mmoja anatoka na mkoba begani, mwingine anaingia na ovaroli mkononi, wameziba njia nzima, wanaongea juu ya sijui nini. Nyuma yao matoroli yalikuwa yamepanga foleni, na mtu alikuwa anapiga kelele, "Pisheni jamani, pisheni!" Hawakumsikia.

Nikaondoka peke yangu. Barabara yote nilikuwa na hasira, na nilipofika nyumbani ndipo nilipojua si hasira ya kusubirishwa. Miaka yote nimekaa kwenye kiti kile nikiwatazama watu, na hajatokea hata mmoja aliyenificha jambo ili anione nimefurahi wiki moja zaidi.